Meza Iliyojaa Chewa

Aibu hii siipendi kuisimulia, na wenzangu pale soko la Lushoto huniomba makusudi ili wanione ninavyojikunyata, lakini leo mmenikalia kooni, basi sikilizeni, mcheke mtakapoweza.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye beseni ni mfanyabiashara, na mimi na mdomo wangu huu nikaacha kuuza kabichi za Shume nikaingia kwenye samaki wa baharini (mama yangu, Mlutheri wa benchi la mbele, alisema mtu wa milimani kuchuuza samaki wa chumvi ni kumjaribu Mungu). Samaki nilikuwa naletewa na shemeji yangu Bakari, mume wa dada yangu, huko pwani. Kijijini kwao uvuvi wa baruti ulikuwa umewamaliza samaki kabisa, ndipo wakakubaliana kuufunga mwamba mmoja, mtu asitupe hata ndoana, ili samaki wazaliane tena. Kwingine wakawa wanavua kwa mshipi tu, kidogo kidogo, na hao kidogo ndio niliokuwa nauza mimi kwa bei ya juu.

Bei ya juu haiji hivi hivi. Niliwafundisha wateja: samaki wa baruti mminye mgongoni, utasikia mfupa umekatika, kisha mpasue, utakuta damu imevilia tumboni. Nilihubiri kuliko mchungaji, mpaka ikawa hakuna mama wa Lushoto anayenunua samaki bila kumminya kwanza.

Siku moja shemeji akanitumia ujumbe kwa kondakta kwamba anapanda na wazee wawili wa kamati yao ya kuulinda ule mwamba. Watu kijijini walikuwa wamechoka kusubiri, wanataka mwamba ufunguliwe wale, na yeye alitaka wazee wajionee kwamba huku juu wapo wanaothamini samaki wa mshipi, ili warudi wakawatulize wenzao. Ujumbe uliishia hivi: "Shemeji, heshima yangu iko mezani kwako."

Sasa hiyo meza. Asubuhi ya siku ya wageni nikateremka Mombo kupokea mzigo, nikakuta tenga lina vichangu vichache vya kutia huruma, kwa kuwa bahari ilikuwa imechafuka. Nikajiuliza, wageni watoke pwani mpaka milimani waje kutazama meza kama ya msibani? Na pale pale stendi kulikuwa na mchuuzi ana chewa kwenye barafu, wakubwa, sijapata kuona. Nikamuuliza wametoka wapi.

"Mama, unanunua samaki au unanunua safari yake?"

Nikanunua. Sikuminya. (Mimi, mwalimu wa kuminya, sikuminya, kwa sababu moyoni nilijua nikiminya sitanunua.)

Wageni walifika soko limechangamka. Nikawapa shikamoo, wakaitikia, wakatazama meza wakatazamana, nami nikadhani ni furaha, nikapanda juu ya kreti la soda nikaanza kutangaza kwamba hawa ndio samaki wa mshipi, samaki wa shemeji yangu huyu hapa, mwenye mashaka aje aminye. Watu wakajaa. Mama Kiondo, mteja wangu wa siku zote, akanyoosha mkono akamminya yule mkubwa kuliko wote. Akaminya tena. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Mama Kiondo ni mbaya kuliko matusi ya mtu mwingine.

"Mama Neema," akasema taratibu, "huyu mgongo umekatika."

Nikasema labda amegongwa njiani, si mnazijua kona za kupandia huku. Mtu nyuma akasema, "Basi mpasue." Kisu kiko mkononi mwangu, ningekataaje? Nikapasua, damu nyeusi ikanichuruzikia mpaka kwenye gauni la kanisani nililolivaa kwa ajili ya wageni, na soko zima likaangua kicheko, mimi juu ya kreti sijui nishukie wapi.

Mngeniacha na kicheko hicho ningeshukuru. Lakini nilipomtafuta shemeji kwa macho, hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa amelaza mkono wake kando ya chewa, anampima urefu.

"Shemeji, aliyekuuzia alisema amewatoa wapi?"

"Hakusema."

Mzee mmoja wa kamati ndiye aliyejibu, wala hakupaza sauti. "Chewa wa kimo hiki kwetu hawapo tena. Wamebaki kwenye ule mwamba tu."

Kicheko kikafa. Mzee wa pili akavua koti lake akawafunika wale samaki, kama wanavyofunikwa watu, kisha akakaa chini. Nilitamani wanitukane. Hawakunitukana, hata chai niliyoandaa hawakuinywa, wakateremka na gari lile lile walilopanda nalo.

Dada aliniambia baadaye kwamba kwenye mkutano wa kijiji mtu aliuliza, "Kama wenye baruti wanaulipua na huko milimani wananunua, tunamfungia nani?" Mwamba ukafunguliwa. Wakavua mpaka vitoto. Siku hizi shemeji anakata mkonge, na bahari iko mbele ya nyumba yake.

Mimi nimerudi kwenye kabichi. Nikikosa mzigo naiacha meza wazi, wageni waje waikute hivyo hivyo, nimeapa. Mama Kiondo bado ni mteja wangu, ananisalimu vizuri, anauliza watoto. Kisha anaziminya kabichi zangu, moja moja, ndipo analipa.