Mjukuu wa Sensa

Mtaani walimwita Mzee Kufuli. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi yake, maana alikuwa fundi wa vitasa na funguo. Wengine walisema ni kwa ajili ya mdomo wake.

Kazi hiyo ilimfundisha kutoamini watu. Mtu angekuja mbio, jasho linamtoka, kajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Mzee Kufuli hanyanyui bisibisi mpaka aulize majirani. "Hata wezi hujifungia nje," husema. Mteja hucheka. Yeye hacheki.

Benchi lake la kazi lilikuwa barazani, chini ya dirisha. Nyuma yake ulikuwa mlango wa nyumba, na mlango huo ulikuwa aibu ya fundi. Kitasa chake kilikuwa cha zamani, kinakwama, na kikizungushwa kinalia kama mbuzi. Watu walimtania mpaka wakachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Kinamfungulia mwenye ufunguo."

Mwenye ufunguo alikuwa mwanawe wa pekee. Kijana aliaga asubuhi, anakwenda mji mwingine kutafuta kazi ya kuchomelea vyuma. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao mfukoni. Hakurudi. Hakupiga simu.

Mama yake alikataa katakata wasiende kuandikisha kituo cha polisi. "Ukiandikisha kwamba kapotea, ndiyo umempoteza," alisema. "Huyu katoka tu." Na kitasa kisiguswe, ufunguo wa mwanawe usije ukakataa. Mzee hakubishana. Miaka ikaenda. Mwaka jana mama naye akachoka kungoja, akafa, akamwachia mumewe kungoja kwenyewe.

Sasa, siku ya habari hii, ilikuwa asubuhi ya jua kali. Mzee alikuwa anapiga tupa ufunguo wa stoo ya mtu. Jirani yake, mama muuza barafu, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya njia.

"Mzee Kufuli! Una mgeni wa serikali! Umeiba nini?"

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, kitambulisho kifuani, kishikwambi mkononi, viatu vimejaa vumbi. Akaamkia. Mzee akaitikia, lakini tupa hakuiweka chini.

"Mimi ni karani wa takwimu, mzee. Namtafuta mjukuu wako."

"Sina mjukuu."

"Fikiria vizuri."

"Mjukuu si bisibisi, kwamba nimemsahau mahali."

Mama muuza barafu akaangua kicheko. Karani hakucheka. Mzee akamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Huyu ndiye kasema, akawaza. Kasema nini, hajui, lakini kasema huyu.

"Mtoto wa kike," karani akasema. "Anaishi hapa. Mwaka huu anatakiwa aanze shule. Tumepita shule zote za karibu, hayumo. Zahanati haina kadi yake ya chanjo. Kwenye mashine yupo, mtaani hayupo. Mtoto wa namna hiyo, mzee, tunauliza mambo matatu. Kafichwa? Kauzwa? Au kafa na hamkusema?"

Tupa ikasimama.

"Kile chumba kina nini?" Karani alikuwa amekwisha kuona ndani, mlango wa chumba cha pili.

"Kina kufuli."

"Na nyuma ya kufuli?"

Mzee akainuka. Alitaka kumfukuza. Lakini amewaona wengi katika kazi yake: anayekataa kufungua ndiye anayetazamwa zaidi. Akafungua. Karani akaingia, akainama akachungulia mvunguni, akafungua kabati, akafunga. Palikuwa na kitanda kimoja cha mtu mzima. Kimetandikwa, shuka limevutwa likanyooka, mto umewekwa. Hakuna aliyekilalia.

"Nani analala hapa?"

Mzee akauliza lake. "Nani kakwambia nina mjukuu? Yule wa barafu?"

"Hapana." Karani akagusa kioo cha kile kishikwambi. "Aliyejibu: mke wa mwenye nyumba."

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kutaka.

"Hebu soma."

Karani akasoma. Katika sensa ya kwanza, nyumba hii ilikuwa na watu watatu: baba, mama, na kijana mchomeleaji. Sensa iliyofuata, kijana kawa msimamizi wa karakana, kaoa, mkewe ni mshonaji, wote wanaishi hapa. Sensa ya mwisho, wamepata mtoto wa kike, bado mchanga. Mtoto kapewa jina la bibi yake.

"Jina la nani?"

Karani akalitamka. Lilikuwa jina la marehemu.

Mzee akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyagwa. Mkewe! Mwanamke ambaye sukari ikiisha alisema mbele ya wageni kwamba imeisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, ilipita karakana, ikapita harusi, ikafika mpaka wodi ya wazazi.

Na yeye alikuwa wapi? Alikuwa uani. Kila akiona mtu wa karatasi anakuja, alitokea mlango wa nyuma. "Ongea nao wewe," alimwambia mkewe. "Mimi siwaamini." Basi mama akaongea nao. Peke yake, kwenye kigoda, akamlea mwanawe mdomoni, na hakuna wa kumkatiza.

"Baba," karani akasema. Sasa sauti ilikuwa nyingine. "Huyu kijana yuko wapi?"

Mzee akashtuka. Watu wakianza kukuita baba, kuna kitu wanataka.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu mtoto siwezi kumfuta hivihivi. Mashine itaniuliza wazazi wake wako wapi. Nikisema wapo, mtoto naye yupo, na atakayekuja baada yangu ni polisi."

Nje, mama muuza barafu alikuwa ametulia kabisa, na kutulia kwake si kwa bure.

"Sijui," mzee akasema.

"Hujui nini?"

"Alipo. Sijui alipo. Alitoka. Hajarudi."

Lilikuwa neno dogo. Lakini halikuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile, na mzee alitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu atakuja kumgombeza.

Karani akaketi sakafuni, kishikwambi magotini. "Mliandikisha popote?"

"Mama yake hakutaka."

"Sikiliza, baba. Tunao watu waliookotwa, wamekosa majina. Wengine wamezikwa. Wengine wako hai, wako mahospitalini, hawakumbuki kwao. Na tunayo majina ya waliopotea, yamekosa watu. Tunavilaza pamoja, hivi na hivi, tunaangalia vinavyofanana. Wako hakuwemo huku wala kule. Yeye yuko nyumbani. Kila sensa yuko nyumbani. Nani amtafute mtu aliye nyumbani?"

Mzee akamchunguza usoni, kama anavyowachunguza wanaosema wamejifungia nje. Alitafuta ujanja. Kama upo, umefichwa vizuri.

"Na wewe umekuja huku kumtafuta asiyekuwepo," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Na aliyekuwepo hamkuja."

Karani akainamisha kichwa. "Hatukuja."

Hilo mzee akalipokea. Mtu anayetaka kukuibia hakubali kosa upesi namna hiyo.

"Andika hajulikani alipo."

Karani akaandika. "Na mkewe nimfute? Na mtoto?"

Habari ya mke ilimpita. Ya mtoto ikamkwama. Alikuwa amemjua mjukuu huyo muda si mrefu, na tayari anaambiwa amuage. Jina la marehemu litafutwa mara ya pili.

"Hawezi kubaki?"

"Akibaki, baba, watazidi kumtafuta."

"Basi futa," akasema. "Lakini polepole."

Karani akafuta polepole. Kidole kikashuka, kikakaa juu ya kioo, kikainuka.

Yakafuata maswali. Urefu. Kovu. Meno. Mzee alijibu kwa neno moja moja. Kisha karani akauliza alitoka na nini mwilini, maana waliookotwa huandikwa na vitu vyao.

"Ufunguo. Wa mlango huu."

"Ukoje?"

Mzee akaenda ukutani, akatungua ufunguo wa marehemu kwenye msumari. Ulikuwa pacha wa ule wa mwanawe.

"Naomba nipige picha," karani akasema.

Mkono wa mzee ukafumba. Hapo sasa. Hakuna fundi asiyejua hili: picha ya ufunguo ni ufunguo. Mtu mwenye jicho na tupa ataukata kwa kutazama tu, na ataingia kwako ukiwa umelala. Wateja wake wote aliwaonya hivyo. Funguo usimwonyeshe mtu, hata shemeji.

"Picha itakaa wapi?"

"Ndani ya mashine. Makao makuu."

"Wangapi wataiona?"

"Wengi, baba. Sitakudanganya. Mikoa yote."

Mzee akasimama pale. Kisha akafumbua mkono, akaulaza ufunguo juu ya kitambaa cheupe cha meza, meno yakatazama juu, yaonekane yote. Akausogeza kidogo kwenye mwanga.

Karani alipoondoka, mama muuza barafu akavuka njia, kanga anaifunga vizuri. Alikuwa amesikia, kuta za mtaa ule hazizuii kitu.

"Mzee Kufuli, umempa mtu wa serikali picha ya ufunguo wako? Wewe?"

"Mm."

"Ingekuwa mimi ungeniambia nini?"

"Badilisha kitasa leo leo."

"Sasa?"

Mzee akachukua kopo la mafuta benchini. Akachuchumaa mbele ya mlango, akatia tone kwenye tundu la ufunguo, akangoja liingie, akatia jingine. Akauchomeka ule wa marehemu, akauzungusha huku na huku.

Kitasa hakikulia.