Virgule Yangu na Besi Tamu

Chekeni, mi nimeshacheka vya kutosha. Kwaya ninayoiongoza hapa Gisenyi ilipewa kompyuta kuukuu yenye mfumo huria wa Linux na programu mbili za kutengeneza sauti. Moja unaiandikia maneno na namba; nyingine unachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Espérance, muimbaji wetu aliyerudi kutoka Uganda, alipenda ile ya kuchora. Nikamubeza: "Bon, kuchora ni kwa watoto. Mutu wa akili anaandika!"

Siku ya kuchagua programu, mbele ya kwaya nzima, nikaandika ukubwa wa sauti uwe nusu, kama nilivyofundishwa shuleni Goma, kwa virgule, yaani mkato: 0,5. Nikabonyeza. Besi nzito ikajaa ukumbi. Nikafumba macho, nikaiongoza kwa mikono yote miwili.

"Eh, Directeur, iko muzuri sana!" wakasema kwa heshima.

Espérance akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Directeur, hii mashine inataka nukta. Kwa virgule yako imesoma sifuri. Haitoi sauti yoyote."

"Na besi hii inatoka wapi?"

Hapo friji ya soda nyuma yangu ikatetemeka, ikazima, na besi yangu ikazima nayo.