Vitabu vya Macho Makubwa

Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: dawa ya kuulia wadudu, sabuni ya watu nisiowajua, na ubaridi wa kitu kilichofungiwa gizani safari nzima. Mjomba wake rafiki yangu Zuhura aliuza nguo za watoto soko la Mlango Mmoja, lakini marobota yake aliyafungulia uani kwao, Pasiansi, Mwanza, jirani na kwetu. Mimi na Zuhura tulikuwa tukimsaidia kutafutia soksi wenzake. Kazi hiyo niliipenda kuliko alivyoipenda mwenye soksi, kwa sababu ilikuwa na jibu moja sahihi. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani, ukaichanganya na ile ya robota, na mpaka leo nikisikia mojawapo ninaikumbuka ya pili. Siku moja, katikati ya fulana na magauni, vikadondoka vitabu. Vilikuwa vidogo, vinene, vya katuni nyeusi na nyeupe, na kila aliyechorwa humo alikuwa na macho makubwa kama visahani. Mjomba alivipeleka sokoni, akarudi navyo amechukia. "Chukueni," alisema, akivimwaga juu ya mkeka. "Mteja amenirudishia, anasema vimejalidiwa kinyume. Mzungu naye siku hizi anatuuzia hata makosa yake."

Ulikuwa msimu ule wa katikati, baada ya mtihani wa darasa la saba na kabla ya matokeo, ambapo mtoto hana sare ya shule wala hana kazi inayojulikana. Mimi na Zuhura tulikuwa tumekaa dawati moja tangu tukiwa wadogo wa kufundishwa kushika penseli, na tulishakubaliana kwamba sekondari tutakaa dawati moja vilevile, kana kwamba mambo hayo tulikuwa tukiyapanga sisi. Nilichokiogopa ni kimoja tu: matokeo kututenganisha. Na nilikuwa na hakika kwamba ikitokea, kosa litakuwa langu. Kwenye mtihani wa hisabati nilisiliba kiduara cha jibu kwa penseli, nikalifuta, nikasiliba jingine, nikalifuta tena na kurudia lile la kwanza, mpaka karatasi ikalegea na kuota kitundu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba karatasi zile zinasahihishwa na mashine. Basi kila nilipotulia niliiona mashine hiyo ikikwama kwenye kitundu changu na kuitema karatasi nzima. Sikumwambia mtu, wala Zuhura. Nilikuwa mtoto ambaye watu walimsifu kwa kutokosea, na mtoto wa namna hiyo hana pa kulipeleka kosa lake.

Kitabu cha kwanza nilikisoma peke yangu, juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, ambalo jua lililipasha moto hata ikawa lazima kukalia kanga. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Nilikuwa na kamusi iliyonyofoka kurasa za mwanzo, hivyo maneno ya herufi za kwanza niliyakisia tu, na sikukubali kufunua ukurasa mpya kabla sijalitafuta kila neno. Nilianza pale vitabu vyote vinapoanzia, kwenye jalada la kushoto. Nikamkuta kijana amelala kwenye damu na watu wanamlilia. Nilivyoendelea kufunua, alinyanyuka. Vidonda vyake vikafunga. Maadui waliomzunguka wakarudi nyuma mmojammoja, mpaka wakawa watu wasiomjua. Akawa mdogo zaidi, akasahau kupigana, na mwisho wa yote alikuwa mezani kwao, mama yake anampakulia wali. Nililia. Niliona kwamba hakuna hadithi nzuri kuliko ile duniani, hadithi ya vita vinavyofutika hadi mtu anarudi kula kwa mama yake. Kitundu changu nacho, nikafikiri, huenda kingeweza kuzibika kwa njia hiyo.

Zuhura alinikuta palepale akitoka chuo cha Kurani, mtandio kichwani na juzuu kifuani. Nikamsimulia kwa fahari. Alikichukua kitabu, akakilaza mapajani, na mkono wake wenyewe, bila hata kufikiri, ukafungua upande wa kulia. Akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akacheka hadi juzuu ikamponyoka.

"Kabula! Umesoma kinyumenyume! Kinaanzia huku, kama juzuu."

"Umejuaje?"

"Nimeshakwambia, kama juzuu. Huyu kijana hafufuki, mwenzangu. Anakufa. Tena anakufa vibaya."

Kwa wengine hicho ni kichekesho. Mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Nilivirudisha vitabu vyote kwao nikasema vinaniumiza kichwa, na kwa siku kadhaa sikukanyaga uani pale. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuna watoto ambao kuuliza huwaunguza ulimi. Zuhura hakunibembeleza. Alikuja kwetu na vitabu kwenye ndoo, akamwamkia mama yangu, "Shikamoo mama," na mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake barazani, akaitikia na kumuuliza ndoo ya nini. "Ni ya Kabula," alijibu. "Anaogopa vitabu, nimekuja kumshikia." Mama alicheka hata uzi ukakatika, na mimi sikuwa na la kufanya ila kutoka.

Tangu siku hiyo tulisoma pamoja, shavu kwa shavu, mimi nikisoma maneno na yeye akisoma nyuso. Tuliugombania kila ukurasa, kwa kuwa mimi nilitaka kubaki na yeye alitaka kwenda. "Neno hili bado," nilisema. "Neno la nini? Mwone alivyokunja mdomo, ana wivu," alijibu, na kamusi ikaja kumuunga mkono. Vya vita vilikuwa vyake. Aliipiga hewa ngumi na kuwasema maadui kwa jina. Vya mapenzi vilinikuta mimi bila kujiandaa. Msichana alimsubiri mvulana chini ya mti unaopukutisha maua, ukurasa mzima ukiwa maua matupu bila hata neno moja, nami niliurudia ukurasa huo mara tatu. Mama alipopita nilikifunika kwa kanga, ingawa hakukuwa na cha kufichwa ila uso wangu. Cha kutisha tulikisoma saa sita mchana kwa tahadhari. Kilihusu nyumba ambayo kuta zake zilipumua, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuegemea ukuta wowote. Niliketi katikati ya chumba kama mgeni, mpaka mama akaniuliza kama nina majipu.

Kimoja nilikichukia hasa. Kilikuwa cha timu ya wasichana wa mpira wa kikapu, waliofungwa kila mchezo na kisha wakaenda kula barafu wakicheka. Nilisubiri waanze kushinda. Hawakushinda. Nilimwambia Zuhura kwamba mchoraji ni mvivu. Zuhura akasema, "Wewe unataka kila mtu apate mia." Hakusema kwa ubaya, ila lilinikaa. Nakiri leo kwamba kilichoniudhi si mchoraji. Niliwaonea wivu wale wasichana kwa namna walivyoweza kulala usingizi.

Mvua za vuli zilipoanza tulihamia barazani kwetu, chini ya bati, tukiwa tumebakiwa na kitabu ambacho wote wawili tulikikwepa kwa sababu jalada lake halikuahidi chochote. Ndani yake dada wawili waliuza tambi za mchuzi kwenye kibanda karibu na bandari. Hawakupigana na mtu. Mteja alikuja akala, akaondoka. Mvua ilinyesha kurasa nyingi, na mchoraji aliichora kwa mistari myembamba ya wima, nami nilipoinua macho niliiona hiyohiyo ikishuka juu ya mawe ya Mwanza na kulifuta ziwa lote. Kuna mahali dada mdogo anaunguza mchuzi. Dada mkubwa anauonja, anaongeza maji, anaendelea kuuza. Basi, ndiyo hadithi yote. Nilijikuta nashindwa kusoma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia Zuhura habari ya kitundu, mashine, na dawati letu, maneno yote kwa mkupuo mmoja huku kamasi zikinitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi ukurasa wa nyuma wa maarifa ya jamii sikuujibu kabisa. Nilisahau kugeuza."

"Zuhura! Na ulikuwa unalala?"

"Sasa nisilale ili iweje?"

Tulicheka, mama akatuuliza tunacheka nini, tukazidi kucheka. Nilitamani siku ile isiishe. Iliisha, na matokeo yakaja. Kitundu hakikuwa na neno. Mimi nilipangiwa shule ya bweni ya wasichana, mkoa mwingine kabisa, shule ambayo wazazi walilitaja jina lake kwa kushusha sauti. Zuhura alipangiwa sekondari ya kata, ileile tuliyokuwa tukiiona kutoka juu ya jiwe. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka, nami nililia, na wote wakadhani ni furaha. Msimu wote nilikuwa nimeogopa kwamba kufeli kutatutenganisha, kumbe kufaulu ndiko kulikotutenganisha.

Zuhura alikuja kunipongeza kwa adabu kama mtu mzima. Tulipobaki wawili alinivuta sikio. "Ungelitoboa zaidi lile tundu," alisema. "Ungepitisha kidole kizima." Siku ya safari mama alinikumbusha kwamba milima haikutani ila binadamu hukutana. Zuhura alisukuma begi langu ndani ya basi kwa goti, akashuka, akasimama upande wa dirisha lisilokuwa langu, akapungia watu wengine mpaka basi likaondoka.

Sasa ninasoma chuo, nimepanga chumba hapahapa Mwanza, na usiku najifundisha kuchora kwa kutazama na kukosea, maana bado hakuna aliyenifundisha. Nimejua kwamba vitabu vile vinaitwa manga, na kwamba kila aina ina jina lake na wapenzi wake wanaobishana. Simu yangu ina vingi kuliko nitakavyoweza kuvimaliza, mfululizo mzima bila pengo, na neno nisilolijua naligusa tu likajieleza. Navisoma haraka, peke yangu, na vingi navisahau kabla chai haijapoa. Zuhura aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Kivuko kipo, safari yenyewe ni fupi, lakini yeye ana watoto na genge la mboga, mimi nina mitihani, na miezi inapita. Hana simu ya kufungua picha. Kwa hiyo Jumapili jioni, akiwa jikoni, nampigia na kumsomea. Mwanzoni nilitaka kumweleza kila mstari, kila kivuli, nikawa naomba radhi na kurudia. Hana subira hiyo. Anataka kujua amekunja mdomo au hajakunja. Wiki iliyopita, binti wa hadithi akiwa njiani kurudi kwao, nilikwama kwenye ukurasa mzima wa anga, nikitafuta namna ya kuyasema mawingu yale yasiharibike, nikamwambia angoje kidogo. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Kabula, mawingu ni mawingu," alisema. "Huyo binti kafika au hajafika? Sema basi, mboga inaungua."