Beseni Nililolikwepa

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanawake wanabaki ndani ya kanisa, wanaume tunaenda kwenye darasa la watoto lililoko nyuma, tunakaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, na kila mtu anamwosha aliye mbele yake. Mimi ni shemasi wa mabeseni. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na miwili, na nasema bila kujisifu kwamba Tarime nzima huwezi kukuta mabeseni yaliyopangwa vizuri kama yangu. Haya, nimejisifu kidogo.

Maana ya tendo lile ni unyenyekevu, lakini sisi watu wa huku tuna aibu zetu. Hakuna mwanaume anayekubali kupeleka miguu michafu kanisani eti ikaoshwe. Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili hiyo kila boma watu wanasugua visigino kwa jiwe. Mimi husugua mpaka mke wangu anauliza kama nachuna ngozi ya mbuzi. Tunafika kanisani miguu inang'aa, tunaoshana, na maji tunayamwaga yakiwa bado masafi, ungeweza kuyasongea ugali.

Anayepanga nani akae mbele ya nani ni mimi. Na kwa miaka yote hiyo nilijipangia mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu, haoni vizuri, mpole, miguu yake midogo na haina maneno. Sikuona dhambi yoyote katika mpango huo.

Sasa nije kwa jirani yangu. Huyu si mtu wa huku. Alitokea upande wa Geita, akaja hapa kijijini kwetu Nyakunguru kutafuta dhahabu kama wengine wengi, akapata kiwanja kinachopakana na shamba langu, akaleta mke na watoto, akajiunga na kanisa letu na kuimba besi. Mimi sina ubaya na wageni. Shida ilianza alipoamua kuchimba choo.

Mchimbaji wa dhahabu akichimba choo, usidhani anachimba kama wewe na mimi. Kwa siku mbili alikuwa ametoa shimo pana la matundu mawili, limefika kifuani, hatua tatu kutoka kwenye mpaka wangu. Siku ya tatu akaenda kunywa chai akaliacha wazi. Na mimi, naomba niseme ukweli, nilikuwa nimewaachia maksai wangu wawili wajilishe kando ya mpaka, huku nikibishana na mtu kwenye simu. Nikasikia kishindo. Kugeuka, maksai wangu mkubwa, yule wa kulia kwenye plau, amezama mzima mzima, nje kumebaki kichwa, mabega na miguu ya mbele, na ananiangalia mimi.

Watu wakaja na kamba, jirani naye akarudi mbio kutoka kwenye chai. Mimi nikashika pembe, maana ng'ombe ni wangu, na nikawa natoa amri kwa sauti ambayo baadaye mchungaji alisema ilifika mpaka kwake. Tulivuta, tukavuta tena. Mara ya tatu ng'ombe alitoka kwa ghafla, kamba ikalegea, nami nikaenda chini chali kwenye matope na kinyesi cha ng'ombe, suruali ikachanika mahali ambapo sitapataja. Watu wote wakanyamaza kwa heshima. Ndipo ndani ya shimo nikasikia mtu anacheka. Jirani yangu. Anacheka kwa nguvu, kichwa amekiegemeza kwenye udongo.

Mungu anisamehe, nilisimama nimeshikilia suruali kwa nyuma, nikamwambia mbele ya mke wake na watoto wake, "Rudi kwenu ukachimbe huko. Hapa si kwenu."

Akaacha kucheka. Choo kikaishia hapo hapo, akafunika shimo kwa mbao, na familia yake ikawa inaomba choo kwa jirani wa upande wa pili. Mimi nikapiga marufuku nyumbani kwangu mtu kumtaja. Mara mbili mke wangu alianza, "Lakini baba, yule mtu siku ile," na mara mbili nikainuka nikaenda kuangalia ng'ombe.

Ng'ombe naye alinitia hasira kila siku. Hakuvunjika, alichechemea tu, lakini tangu siku ile alikataa kabisa kupita njia ya mpakani. Ukimvuta anakaza miguu, anapuliza pua, anageuka. Ikabidi kila asubuhi niwafunge nira na kuzunguka kupitia kwa watu, nusu saa nzima, ili nifike shamba linaloonekana kutoka mlangoni kwangu. Na kila nikizunguka nilikumbuka kile kicheko.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kwamba jirani yangu naye alianza kuchechemea. Ananipita barabarani na gambuti zake, anachechemea mguu wa kulia, mguu ule ule wa maksai wangu. Nikasema, ala, huyu ananiigizia ng'ombe! Ananisalimia "shikamoo mzee" kwa adabu zote huku ananiigizia ng'ombe. Nilijibu marahaba kwa meno. Miezi minne hiyo. Na miezi hiyo yote nilifungua ibada kwa maombi, sauti inatetemeka, watu wanasema amina.

Wiki ya Meza ya Bwana mchungaji akaniita. Akaniambia jirani yangu ameomba barua ya kuhama ushirika, anataka kuondoka na familia yake, na barua itasomwa Jumapili inayofuata baada ya Meza. Hakutaja sababu. Mchungaji akaniuliza kama mimi, jirani na shemasi, naijua sababu. Nikasema labda dhahabu imepungua. Nilipotoka pale nilijaribu kufurahi. Nilijaribu mpaka nikafika nyumbani, na haikuwezekana, kwa sababu niliijua sababu vizuri kuliko mtu yeyote. Mtu nilimwambia aende kwao, naye sasa anaenda.

Je, nilikwenda kumwomba msamaha? Sikwenda. Nilijiambia nitamwombea safari njema.

Jumapili ikafika. Mafuta ya kupaka yalikuwa yamekwisha nyumbani, nikaingia jikoni nikachukua ya alizeti, nikajipaka miguu mpaka magotini. Darasani nilipanga mabenchi kwa akili zangu zote. Jirani yangu nilimweka mbele ya mwalimu wa kwaya, mbali na mimi, kule dirishani. Ili nafasi hiyo ipatikane, nilimsogeza kijana mmoja mahali pawili. Mzee wangu nikamweka mbele yangu kama kawaida. Nikagawa mabeseni, nikaanzisha wimbo.

Wimbo ukaendelea, lakini katikati ya benchi watu wawili hawakuinama. Kijana niliyemsogeza alikuwa anaangalia dari. Aliyekuwa mbele yake alikuwa anaangalia ukuta. Beseni katikati, hakuna anayeligusa. Ndipo akili ikanirudi. Jamani! Wiki mbili tu kabla, kijana yule alikuwa amemwoa binti wa mwanaume yule, ng'ombe wa mahari wamekwenda, mimi mwenyewe nimekula nyama. Nimemkalisha mtu mbele ya baba mkwe wake, eti wavue soksi washikane miguu. Kwetu mkwe hata mkono humpi ovyo, itakuwa mguu? Mkwe alikuwa anatoka jasho. Kijana nadhani alikuwa anaomba paa lishuke.

Nikakimbia kurekebisha. Kijana nikampeleka kwa mwalimu wa kwaya, maana wale hawana undugu wowote wa kuwazuia. Akabaki mkwe, akabaki na jirani yangu. Nikapata faraja kubwa, maana mgeni yule hakuwa na mkwe hapa wala rika hapa, angeweza kuoshana na mtu yeyote kijijini bila kuvunja mwiko. Nikamwonyesha mkwe aende kule dirishani.

Mzee wangu, yule asiyeona vizuri, siku hiyo aliona. Akanyoosha mkono, akamshika mkwe koti la suti, akamkalisha mbele yake kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Huyu ananitosha mimi," akasema. "Wewe mura, nenda ukaoshe."

Mura ni kijana. Nina miaka sitini na mbili. Wanaume wote walikuwa wananiangalia, na wimbo ulikuwa umeisha. Nikachukua beseni langu na taulo langu nikaenda dirishani, nikapiga magoti mbele ya jirani yangu.

Akasitasita kuvua. Mguu wa kushoto ulikuwa mzuri, umesuguliwa kama wa wengine wote. Wa kulia aliuvua soksi polepole, na nilipouona maji yalinimwagikia gotini. Kidole gumba hakikuwa na kucha. Kilikuwa kimepondeka, kimepona vibaya, kimelala juu ya mwenzake, na juu ya unyayo kulikuwa na kovu la duara la ukubwa wa kwato.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini ni nini kile. Akasema si kitu. Nikamwambia tuko mbele za Mungu, aseme. Ndipo akanieleza, bila kulaumu, kwamba siku ile mimi nilipokuwa nimeshika pembe, yeye alishuka shimoni kumsukuma ng'ombe kwa nyuma. Mara ya tatu ng'ombe alimkanyaga, akajikusanya juu ya mguu wake, akaruka. Ndiyo maana alitoka kwa ghafla vile.

"Sasa ulikuwa unacheka nini?" nikauliza.

"Nilipofika huku niliambiwa mwanaume wa hapa akiumia halii," akasema. "Na watoto wangu walikuwa wamesimama pale. Nikaona bora nicheke."

Nilikaa na mguu ule mkononi. Miezi minne nilimchukia mtu kwa kuchechemea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na machozi yakanitoka, mimi, mwanaume wa hapa, mbele ya rika langu na mkwe wa mtu. Nikauosha mguu ule polepole, kidole kwa kidole, na ulikuwa mguu wa kwanza katika miaka kumi na miwili ambao niliuosha kweli.

Nikamwambia, "Neno nililokuambia pale shimoni lilikuwa baya, na lilikuwa la uongo. Hapa ni kwenu. Nisamehe, usihame."

Alichukua taulo mkononi mwangu, tukabadilishana, akapiga magoti akaingiza miguu yangu kwenye maji. Maji yakajaa macho ya mafuta. Akainama, mabega yakaanza kutikisika. Akacheka.

"Unaumia wapi?" nikamuuliza haraka.

"Siumii, mzee," akasema. "Unanukia chapati."

Barua haikusomwa Jumapili iliyofuata, lakini mimi nilijua mapema zaidi. Jumatatu asubuhi, nikiwa nafunga nira, nilisikia sururu inagonga upande wa pili wa mpaka. Mtu anayehama hamalizii choo. Nikaacha ng'ombe, nikachukua chepe langu nikaenda, tukachimba mpaka jioni, na kabla ya kwenda kunywa chai tulizungushia miiba.

Siku hizi mimi na jirani tunapita njia ya mpakani kama zamani, tunaitana, tunapeana moto. Maksai wangu tu ndiye bado anazunguka. Yeye hajaokoka.