Teodora na Meza ya Kamongo

Hapa Pasiansi, ukitaka harusi yako ikumbukwe, unamtafuta Teodora Shigela ashike kipaza sauti. Ana sauti nzito kidogo, ana maneno, na anajua kumchekesha hata baba mkwe aliyekuja amenuna. Nimemwona akiwainua wazee wa Kisukuma wenye magoti mabovu, wakacheza mpaka wakavua viatu.

Lakini tangu utoto Teodora hakuelewana na namba.

Shuleni kwao Kisesa, darasa lilipoimba jedwali la saba, yeye ndiye aliyeongoza wimbo. Mwalimu akimsimamisha peke yake na kumuuliza saba mara tatu, anabaki anatazama dari. Viboko alikula, na masomo ya jioni alipelekwa. Kidato cha nne hesabu alipata sifuri, na Kiswahili akaongoza shule nzima. Mama yake, Ng'washi, alikuwa na jibu moja tu: "Mtoto huyu akili anazo. Hataki tu."

Teodora akakua akilificha jambo hilo kama mtu anayeficha jino bovu. Kwenye sherehe alifika mapema mno, kwa kuwa hakuiamini saa. Ukimtajia namba ya simu, anakupa simu yake uandike mwenyewe, huku akisifia nguo yako.

Siku iliyomfichua ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye harusi katika ukumbi mmoja ulio karibu na ziwa. Meza zilikuwa na namba, kuanzia mlangoni hadi mbele walikokaa wazee. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Alexander, mtu wa tai na msimamo, alimnong'oneza, "Kwenye chakula, anza na meza ya kumi na sita, halafu rudi nyuma moja moja mpaka mlangoni."

Teodora akarudia maneno hayo moyoni. Kurudi nyuma!

"Meza ya kumi na sita, karibuni!" aliita. Wakaenda. "Kumi na tano!" Wakaenda. "Kumi na... saba!"

Meza ya kumi na saba haikuwapo. Ukumbi ukacheka, ukidhani ni utani wake. Akaokota namba iliyomjia kichwani, kisha nyingine, na meza ya kumi na mbili akairuka kabisa. Hapo ndipo walipokaa shangazi za bibi harusi. Walisubiri kwa heshima mpaka vijana wa mlangoni walipopita na sahani zilizojaa samaki, ndipo shangazi mkubwa aliposimama.

"Sisi tumeletwa hapa tutazame watu wakitafuna?"

Teodora hakubishana. Alikwenda mpaka mbele ya meza yao, akapiga magoti kama binti wa Kisukuma anavyosalimia wakubwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Shikamooni shangazi zangu. Mpishi amenituma niwaambie kwamba vyenu vilikuwa bado vinapambwa." Shangazi mkubwa akajikaza, akashindwa, akacheka. "Marahaba. Mwongo mkubwa wewe!" Wakaletewa sato wakubwa waliokuwa wamewekewa kamati.

Bwana Alexander ndiye ambaye hakucheka. Alimvuta pembeni na kumwambia kwamba mtoto wa chekechea angeifanya kazi ile vizuri zaidi. Teodora akatoka nje kunawa uso bombani, na hapo akamkuta mgeni mmoja wa kike aliyevaa kitenge cha kijani.

"Dada, pole," alisema yule mgeni. "Naitwa Daktari Rozina Otuoma. Nafundisha saikolojia chuoni, na nachunguza jinsi watu wanavyozielewa namba. Nilikuwa nakusikiliza pale ndani. Shida hii unayo tangu zamani?"

Teodora alitaka kutania, kama kawaida yake. Badala yake akasema, "Tangu nizaliwe, nadhani."

Wiki iliyofuata alikwenda chuoni, amevaa kama anakwenda kanisani. Alitegemea mtihani wenye kalamu na jasho. Daktari Rozina alimkalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa ikionyesha vidoti, naye akatakiwa aseme ameona vingapi. Vilikuwa vichache mno, vitatu, vinne hivi. Teodora akawa anavinyooshea kidole hewani.

"Unafanya nini na kidole?" aliuliza daktari.

"Nahesabu. Moja, mbili, tatu. Vitatu."

"Kila mara unahesabu kimoja kimoja?"

"Sasa nitajuaje?"

Daktari Rozina alisogeza kiti. "Watu wengi, vidoti vikiwa vitatu, hawavihesabu. Wakitupa jicho tu, wameshaona ni vitatu. Ni kama wewe unavyomtambua mama yako bila kuanza na pua, halafu macho."

Teodora alimkazia macho. "Kumbe wenzangu hawahesabu?"

"Hawahesabu."

"Miaka yote hii? Mimi nilidhani wanahesabu haraka kunishinda!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, mpaka wasaidizi wa chumba cha pili wakachungulia, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Daktari alimweleza taratibu kwamba watu wa namna yake wapo kila nchi, kwamba huo si upungufu wa akili wala si uvivu, na kwamba mara nyingi hali hiyo hupita katika ukoo. "Kuna mwingine kwenu?"

Ili kumjibu, ikabidi waende Kisesa kwa mama yake. Mama Ng'washi aliwakaribisha uani, akaitikia shikamoo zao, akasikiliza habari za vidoti huku akipepeta mchele. Ghafla ungo ukasimama.

"Yeremia," alisema. "Kaka yangu, marehemu. Alikuwa anachunga ng'ombe wa baba. Ukimuuliza wako wangapi, anaanza kukutajia: yule wa madoa, yule mwekundu, yule wa pembe iliyopinda. Baba alikuwa anakasirika, 'Nimeuliza wangapi!' Naye anaanza tena na yule wa madoa."

Wakacheka wote. Kisha mama akamgeukia binti yake. "Kwa hiyo hukuwa mvivu."

"Sikuwa mvivu, mama."

Mama akaweka ungo chini. Aliinuka, akamkamata jogoo aliyekuwa akiwindwa na kila mgeni tangu Krismasi, na siku hiyo wakala vizuri.

Daktari Rozina hakumwahidi miujiza. Alitandika sakafuni kitambaa kirefu chenye namba, akamfanya Teodora azikanyage moja moja kwa miguu mitupu, kwenda mbele na kurudi nyuma, kama mtu anayejifunza njia ya nyumbani. Kurudi kutoka kumi kulichukua majuma mengi. Alipofika moja bila kukosea, alijipigia vigelegele mwenyewe.

Harusi nyingine ilipokuja, ikiwa tena chini ya Bwana Alexander, na maharusi wakimtaka Teodora tu, alimfuata siku chache kabla. "Mwenyekiti, mimi na namba hatuelewani. Meza tuzipe majina ya samaki wa ziwa letu."

"Wageni watatucheka."

"Si ndiyo kazi uliyoniitia?"

Alexander aliguna, akakubali. Ukumbi ukawa na meza ya Sato, ya Sangara, ya Furu, ya Gogogo. Teodora akaziita zote bila kukosa hata moja, kila samaki na utani wake. Meza ya Dagaa walilalamika kwamba wamedharauliwa, akawajibu kwamba dagaa ndio wanaolisha mji, wakashangilia. Tatizo lilikuwa moja tu. Bibi wa bwana harusi, Bibi Kashindye, alikataa katakata kukaa meza ya Kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka.

"Kwetu mwanamke hali kamongo, wala haketi kwenye meza yake," alisema, mkongojo mkononi.

Wakamhamishia Sangara, na vijana wakagombania kiti chake. Tangu hapo kumbi kadhaa zimeiga, na wapo wanaodai ni ubunifu wao.

Mwaka huu Daktari Rozina alimwalika azungumze na walimu wa hesabu kwenye semina mjini. Teodora hakuwahutubia. Aliweka muziki wa kasi, akawaamuru wataje herufi kutoka mwisho kurudi mwanzo, wote pamoja, kwa mdundo. "Zedi!" waliitikia kwa nguvu. Wengine wakasema X, wengine Y, mmoja akarukia T, na sekunde chache baadaye ukumbi mzima wa wasomi ulikuwa umenyamaza, wakitazama dari.

"Hapo mlipo," alisema Teodora kwa upole, "ndipo nilipokaa shule nzima."

Kisha wakacheka, na maswali yakawa mengi kuliko muda.

Wakati wa chai, mwalimu mmoja aitwaye Venant alimfuata na kikombe mkononi. Anaoa, alisema, na angependa yeye ndiye ashike kipaza sauti. Akaanza kumtajia tarehe.

"Usinipe tarehe, mwalimu," alisema Teodora. "Nipe siku."

Venant alifikiri. "Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka."

"Hiyo nimeielewa. Na bibi harusi anaitwa nani?"