Ilikula Nini Mashine ya Rukiyo

Siku niliyomwona Rukiyo kwa mara ya kwanza, alikuwa ameinamia godoro langu akilinusa. Nilikuwa nimefika mtaa wa Iftin kutafuta chumba cha kupanga, na yeye ndiye alikuwa mwenye ua. Aliniuliza mimi ni wa nani, nasali msikiti gani, na kwa nini mwanamume mzima hana mke. Nilijibu yote nikitazama viatu vyangu. Kisha akalikunjua godoro, akanusa upande huu na upande ule.

"Haye, kunguni hakuna," alisema. "Ingia, walaal."

Walaal ni ndugu. Mimi ni Mmunyoyaya wa kando ya mto, nauza maji kwa mkokoteni wa punda, na tangu siku ile hakuniita jina jingine.

Rukiyo alikuwa mjane, akiuza chakula mbele ya ua: mikate laini ya anjera, wali na nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogo. Alipika alfajiri nje, halafu mchana kutwa alikaa ndani ya kibanda cha mabati akipasha chakula kwa makaa, kwa sababu wateja wake, madalali wa soko la mifugo, walikuja kila mtu kwa wakati wake na hakuna aliyekubali chakula kilichopoa. Moshi ukamharibu kifua. Daktari akamwambia aachane na kile kibanda, la sivyo atakosa pumzi kabisa. Rukiyo alimshuku daktari kwamba ametumwa na wauza gesi. Lakini alipoanza kukohoa mbele ya wateja, na wateja wakawa wanafunika sahani kwa viganja, alielewa kwamba akiendelea hivyo atabaki bila mteja.

Gesi aliiogopa. Akasikia habari za maikrowevu, akaniomba nimsindikize mjini na mkokoteni. Katika duka la kwanza aliingiza mkono ndani ya mashine mpya, akapapasa kuta zake.

"Moto uko wapi?"

"Hauonekani, eddo," alisema muuzaji. Vijana wote walimwita hivyo, eddo, shangazi.

"Basi na pesa yangu hutaiona."

Tulimalizia kwa Abdilatif, anayeuza vyombo vilivyotumika. Alikuwa na moja nyeupe iliyotoka Dadaab, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kigeni wa shirika la misaada waliokuwa wamefunga kazi. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu na kimoja cha dakika. Rukiyo aliipenda kwa sababu ya vifundo hivyo. Zile za kubonyezabonyeza kama simu hakuzitaka.

"Wallahi, inafanya kazi vizuri!" alisema Abdilatif.

"Sikukuuliza kama inafanya kazi. Nimekuuliza ilikula nini."

"Eddo, ilikuwa ya watu wa heshima."

"Watu wa heshima hawali nguruwe?"

Abdilatif alicheka, halafu akatazama kando. "Mimi sikuwa jikoni kwao."

Nilijua ataiacha. Akainunua. "Angalau huyu amekiri hajui," aliniambia. Akaniamuru niifunike na gunia njia nzima.

Nilidhani ataiosha ndani, kimya kimya, na siri ingebaki kwetu wawili. Badala yake aliitoa nje, pale pale wateja wanapokaa. Akaiosha kama tulivyofundishwa madrasa kuosha chombo kilichoguswa na nguruwe: mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Fundi wa redio wa jirani alikuja mbio akipiga kelele kwamba umeme na matope havikai pamoja.

"Najisi haijui umeme," alimjibu, akaendelea kusugua kwa kitambaa.

Siyad, dalali wa mbuzi, mteja wake wa miaka mingi, alimtazama weee. "Eddo, unaosha nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naosha."

Nikamwendea maalim wa msikiti nimuulize kwa niaba yake. Akasema kitu ni safi mpaka uchafu wake ujulikane, wala hakukuwa na haja ya kuosha. Nilimpelekea Rukiyo jibu hilo nikidhani atafurahi.

"Maalim hali kwangu," alisema. "Siyad ndiye anakula kwangu."

Mashine ilikaa juani siku kadhaa. Ilipowashwa, ilitoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Sahani ya nyama ikazunguka ndani, kengele ikalia, Rukiyo akaiweka mezani. Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Mimi niletee chai tu," alisema Siyad.

Wote wakataka chai. Mvuke ukaisha juu ya nyama. Kisha Siyad akaninyooshea kidole, mimi niliyekuwa nikipita na punda.

"Na huyu mpangaji wako, mbona huchukua sahani akala chumbani? Anajua kitu huyu."

Mimi nilikula chumbani kwa aibu tu. Siwezi kutafuna nikitazamwa. Lakini watu wote waligeuka kunitazama, na Rukiyo tayari alikuwa ameushika mfuko wa makaa arudi kwenye moshi. Hakuniomba kitu. Alikohoa, basi.

Nikamfunga punda, nikanawa, nikaketi karibu na Siyad. Nikasema bismillah na kula. Masikio yaliniwaka. Siyad alifuata kila tonge kwa macho mpaka likapita kooni.

"Vipi?"

"Katikati imepoa," nilisema.

Siyad akapiga paja lake. "Huyu hakuhongwa! Aliyehongwa angesifu!" Akachukua kipande kutoka sahani yangu.

Rukiyo alituondolea sahani kwa hasira. "Waryaa, toa mkono! Hujasikia imepoa?" Akaikoroga, akaifunika, akairudisha ndani ya mashine. Mfuko wa makaa ukabaki pale alipouacha.

Wengine hawakurudi kamwe. Siyad alirudi kila siku, na kikohozi kikapungua. Yeye Rukiyo hakuiamini ile mashine hata kidogo. Alizungusha kifundo kwa bismillah na kusimama mbali, na kila Ijumaa aliifuta tena, kila upande.

Mwaka jana binti yake Hamda alijifungua huko Elwak, akamwita. Rukiyo alikwenda, na hakurudi. Homa ilimchukua huko huko, Mungu amrehemu. Siku ya kuondoka nilimbebea mizigo hadi kituo cha basi. Alipokwisha kupanda alinichungulia dirishani.

"Walaal, mashine nakuachia. Mtu akikuletea chakula chake umpashie, muulize kwanza kimetoka wapi."

Basi likaanza kusogea. Akatoa kichwa chote nje.

"Na akikujibu haraka, usikiweke ndani."