Mkunga Aliyetoka Virginia

Mkunga huyo alihamia kwetu Massachusetts majira ya kuchipua. Alisema kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na hakukubali kusaidiwa kubeba hata ndoo ya maji. "Kwetu Virginia kila mtu na shamba lake la tumbaku," alituambia. "Kumfikia jirani ni safari ya mtumbwi." Sisi nyumba zetu zimelizunguka kanisa, mtu akikohoa, mtaa mzima unajua. Siku yangu ya kujifungua, mtoto alitanguliza miguu. Mkunga akaweka mikono yake mipana tumboni mwangu. "Jikaze, Mehitabeli mwanangu. Tuko wawili tu." Nikapata nguvu ya kumfokea: "Wawili wapi? Fungua mlango, mama!" Uani wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa, na mikate yao na pombe ya shayiri, kama ilivyo desturi yetu mtu akijifungua. Akafungua. Wakaingia, wakanishika mgongo, wakanishika miguu, na mwanangu akatoka akilia. Mkunga akaketi sakafuni, amelegea. Tabitha, jirani yangu, akamnywesha pombe. "Polepole, shoga. Kwani aliyezaa ni wewe?" Akalala palepale, kichwa mapajani mwa Tabitha, kelele zetu zote zikimpita.